Jaribu na Jibu Unalolijua

Mwalimu hakuwahi kunijibu swali hata moja. Naanza na hilo kwa sababu watu wa mtaa wa Bondeni siku hizi wanamsifu kama kisima, ati kila aliyeenda na ndoo aliteka. Mimi nilienda na ndoo yangu miaka mingi, na siku nyingi nilirudi nayo kavu, nikiongea peke yangu barabarani kama mlevi, na pombe niliacha zamani.

Alizaliwa wapi na babake ni nani, waulize watu wa kwao. Mimi nilimjua kwa kofia yake nyeupe iliyofuliwa mpaka ikawa nyembamba kama karatasi, kwa chaki, na kwa kile chumba alichofundishia kompyuta. Kilikuwa chumba kimoja katika zile nyumba za zamani za baraza, mashine nane kuukuu ndani na bati lenye matundu juu. Matundu hayo nilimwambia siku ya kwanza kabisa.

"Mwalimu, paa lako linavuja."

Akaangalia juu, akaniangalia mimi. "Wapi hasa?"

Huyo ndiye mtu. Unamwonyesha shimo, anakutuma ukalitafute.

Mimi ni fundi wa bati. Darasa la nne ndilo lilikuwa la mwisho kwangu, na sioni haya kusema, kwa sababu wale waliobaki shuleni huja kwangu kununua matangi. Silo za kuhifadhia mahindi, matangi ya maji, mifereji ya paa, vyote vimetoka kwa mikono hii, na nyumba ya mawe ninayolala imetoka humo humo. Hakuna mtu alinishika mkono. Vipimo vyangu havikuandikwa popote. Vilikuwa kwa kamba yenye mafundo na kwa vidole vyangu.

Magoti yalipokataa kuinama, binti yangu Njeri akachukua karakana. Ana nguvu na ana akili. Lakini viungo vyake vilikuwa vinaachia. Bati mbili zikishikanishwa, ukingo wa moja hukunjwa juu ya ukingo wa mwenzake, na huo mkunjo unakula bati. Kwa hivyo kila kiungo unaongeza upana wa kidole kimoja. Nilimwambia mara elfu.

"Ongeza kidole, Njeri."

"Nimeongeza, Baba."

Na bado pipa likijazwa, mkunjo unafunguka. Nikasema huyu msichana hana makini. Nilisema mbele ya wafanyakazi, tena kwa sauti.

Basi kile nilitaka kwa Mwalimu kilikuwa kimoja tu: vipimo vitoke kichwani mwangu viingie kwa mashine, ili Njeri avipate nikiwepo na nisipokuwepo. Nilinunua laptopu ya mtumba, nikaibeba kwa gunia la simiti lililo safi, nikaingia darasa la watoto wa watu nikiwa na mvi. Walicheka. Mmoja akaniuliza, "Mzee, umeleta mtoto?" Nikamwambia nimejileta mimi mwenyewe, na asogeze kiti.

Ile lugha ya kompyuta aliyofundisha ina jina la nyoka mkubwa. Ndani yake kuna hesabu ambazo watu wengine walishaziandika zamani, zimelala zikingoja kuitwa. Wanaziita fanksheni. Unaitaja moja kwa jina, unaipa namba kwenye mabano, inakurudishia namba. Ukitaka kipeuo cha pili, unaiita sqrt, unaipa themanini na moja, inakurudishia tisa kabla hujafunga mdomo. Hata ile namba ya duara, ambayo mimi niliijua kama kipenyo mara tatu na kipande, wameiweka humo kwa jina la pi, na mkia mrefu wa tarakimu nyuma yake. Nilimuuliza nani alipima duara mpaka huko. Akasema, "Wewe unahitaji mkia wa urefu gani?" Nikarudi kuzihesabu tarakimu kwa kidole. Na yeye hakuwa na haraka.

Alikuwa na msemo: "Usichonge kinu kama kinu kipo." Akikuona unapiga hesabu ya duara kwa mkono ilhali fanksheni ipo, alikuja nyuma yako akagonga meza kwa kifutio. "Kinu kipo! Kinu kipo, bwana!" Vumbi la chaki linaingia kwa kibodi. Lakini mtu huyo huyo aliyehubiri vitu vilivyo tayari hakuwa na kitu kilicho tayari kwake. Tangawizi ya chai alitwanga mwenyewe, iliyosagwa dukani akiita vumbi la barabara. Vifungo alishona mwenyewe, na kofia pia. Kifutio chenyewe kilikuwa kipande cha mbao alichokipigilia blanketi kuukuu. Na jibu lililo tayari, hilo hata ungelia machozi asingekupa.

Nilimwambia siku moja, "Mwalimu, wewe unatuambia tutumie za tayari, mbona zako hutupi?"

"Fanksheni hukujibu ulichoiuliza," akasema. "Mimi naangalia kama unajua unachouliza."

Kwa Kiswahili pia alitutesa. Sisi wa huku juu tunasema tunavyosema, na tunaelewana sokoni. Yeye alikuwa na kile Kiswahili cha familia za Waislamu wa mjini, kilichonyooka kama rula. Nikisema "hiyo mabati," anangoja. Anangoja tu, kichwa kikiinama kidogo, mpaka unasema "hayo mabati," ndipo anaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Nilikuwa nikirudia makosa kwa makusudi ili nimchoshe. Hakuchoka. Nilichoka mimi.

Kulikuwa na ile vita ya nusu. Kuna fanksheni inaitwa round, ya kukadiria namba iwe nzima. Nikaipa mbili na nusu. Ikanirudishia mbili. Nikaipa tatu na nusu. Ikanirudishia nne. Nikasimama.

"Mwalimu, mashine yako mbovu. Nusu hupanda! Hata sisi wa darasa la nne tunajua nusu hupanda."

Darasa likageuka lisikie. Yeye akachukua chaki, akaandika ubaoni moja na nusu, mbili na nusu, tatu na nusu, nne na nusu, akaniambia nizipe zote. Nilizipa. Mbili, mbili, nne, nne.

"Unaona nini?"

"Naona mashine mbovu."

"Angalia tena, Fundi."

Ni dada mmoja wa darasa letu, anayefanya kazi duka la simu, aliyeona, si mimi. Nusu ilikuwa inaenda kwa jirani aliye shufwa, yule anayegawanyika kwa mbili. Ndivyo walivyoiandika, ili nusu zote zisipande upande mmoja zikajaza hesabu uongo. Mwalimu akafurahi mpaka akavua kofia. Mimi nilikasirika siku mbili. Kwa kazi yangu hiyo round haifai hata kidogo, iwe ya shufwa au ya witiri. Silo ikitaka mabati mawili na robo, round inakwambia mawili, na hiyo robo utaifunika na nini, shuka? Nilimwambia hivyo. Mara hiyo hakubisha. Akaandika ubaoni ceil, ile inayopandisha siku zote hata kwa punje, na floor, inayoshusha siku zote. Akaniita mbele niwaeleze wengine ni kazi gani inataka ipi. Nikasimama pale na magoti yangu, nikaeleza mabati huhesabiwa kwa ceil kwa sababu hakuna duka linalouza robo bati. Walisikiliza. Sitasema sikufurahi.

Yeye mwenyewe alizitumia hizo mbili alivyotaka. Umri wake aliushusha. Saa ya darasa aliipandisha, ukalipia saa mbili ukakaa karibu tatu, mpaka adhana ya alasiri imtoe. Ukichelewa dakika mbili, wewe umechelewa kabisa. Yeye akichelewa nusu saa, "Nimekuja, au sikuja?"

Wanafunzi wawili waliwahi kugombana kwa sababu ya kiti, mmoja akasema ametukanwa zaidi ya alivyotukana. Mwalimu akasema hasira ni kama ile fanksheni ya abs: inaondoa alama ya kutoa, inaacha ukubwa. "Mmoja ana hasi tano, mwingine ana chanya tano. Mimi naona tano na tano. Kaeni." Wakakaa. Kwa wengine alikuwa na hekima ya bure kabisa. Kwangu kila kitu kilikuwa mtihani.

Na msemo wake mkubwa ulikuwa huu: "Jaribu na jibu unalolijua." Kabla hujaiamini programu yoyote, ipe swali ambalo jibu lake uko nalo mfukoni. Ikikosea hapo, usiende mbele. Alisema hivyo kila siku, mpaka neno lenyewe likapoteza ladha. Unajua vile mtu akisema "Mungu ni mwema" kila dakika unaacha kusikia. Mimi niliacha kusikia.

Ndipo ikaja kazi ya Ndabibi.

Kikundi cha akina mama wa huko, ng'ambo ile ya ziwa Naivasha, waliniita niwatengenezee silo sita. Mahindi yalikuwa yanakauka shambani, na mawingu ya mwisho wa mwaka hayaaminiki. Silo ya upana wa mita mbili, paa la koni. Mimi koni nilikata kwa kamba na msumari miaka yote: kila hatua ndani, nusu hatua kasoro kidogo juu. Huo mteremko nilijifunza kwa mahindi yenyewe. Mwaga mahindi makavu chini, lundo litajikalia kwa mteremko wake, na paa likilifuata hakuna nafasi inayopotea na mvua haikai. Sasa kwa mara ya kwanza nilitaka nikate kwa programu yangu mwenyewe. Niliazima kile kipima-pembe cha watoto wa shule, nikapima lundo: digrii ishirini na tano. Urefu wa mteremko unapatikana ukigawanya nusu ya upana wa silo kwa cos ya hiyo pembe. Hiyo cos ni fanksheni ya pembe, nayo ipo tayari. Kinu kipo. Nikaipa ishirini na tano.

Nilimwonyesha Mwalimu skrini. Alisoma kwa muda, vidole nyuma, midomo ikisonga.

"Vipimo vyako vyote viko humu? Hakuna kingine?"

"Hakuna," nikasema. Huo ulikuwa uongo. Kidole cha kiungo sikukiandika. Hicho nilikuwa naongeza mwenyewe kwa chaki juu ya bati. Fundi hatoi kila kitu. Nilikuwa nimempa Njeri kwa mdomo, na hiyo ilinitosha.

"Umejaribu na jibu unalolijua?"

"Ndiyo, Mwalimu." Huo ulikuwa uongo wa pili.

Mashine ilikuwa imesema mteremko ni sentimita mia moja na kidogo. Namba ilionekana ya heshima. Haikuwa kubwa kama nyumba wala chini ya sufuri. Tukakata. Na hapa nitasema kosa langu kabla mtu mwingine hajanisemea. Kwa kazi ya bati kuna sheria ambayo mimi mwenyewe ndiye niliwafundisha wote: funga moja kwanza. Unakata paa moja, unalikunja, unalivisha pipa lake, ndipo unakata mengine. Siku hiyo, kwa sababu mashine imesema, nilimwambia Njeri apange mabati ya mapaa yote sita tukate kwa mpigo.

"Baba, hatufungi moja kwanza?"

"Kompyuta imeshafunga. Kata."

Tulipokunja la kwanza lilikaa kama sinia. Koni gani hiyo? Ungeweza kuandalia ugali juu yake. Njeri aliliangalia tu, halafu akaangalia yale mengine matano yaliyokatwa, na mimi nikaenda nje nikasimama kwa jua.

Nilirudi kwa kamba. Lakini mabati mengine yalichukua siku kufika, na mvua haikungoja. Mama mwenyekiti wa kikundi alifunika mahindi kwa turubai, na chini ya turubai yakashika ukungu, si yote, ila magunia ya kutosha kumnyima mtu usingizi. Nilipofikisha silo hakunipigia kelele. Aliinua konzi ya mahindi yenye madoa akanionyesha, akasema, "Fundi, sisi tulikujua kwa kamba. Nani alikwambia uache kamba?"

Nilitoka Ndabibi moja kwa moja mpaka Bondeni, vumbi la njia likiwa bado kwa kope. Mwalimu alikuwa anafuta ubao.

"Uliona," nikamwambia.

"Karibu, Fundi."

"Uliona ile ishirini na tano kwa skrini. Kuna kosa. Sijui ni gani, lakini wewe uliliona."

Akaweka kifutio chini. "Niliona."

"Na ukanyamaza!"

"Nilikuuliza kama umejaribu na jibu unalolijua. Ukasema ndiyo."

"Mwalimu, kuna mahindi ya watu yameoza!"

Hapo uso wake ulibadilika, lazima niseme. Akakaa chini. Na hiyo siku, labda kwa mara ya pekee, alieleza bila kuulizwa mara mbili. Pembe hupimwa kwa njia mbili. Kuna digrii za shule, duara zima ni mia tatu na sitini. Na kuna nyingine, radiani, ambayo duara zima ni sita na kidogo tu. Cos iliyo tayari kwenye ile lugha haijui digrii, inapokea radiani. Nilipoipa ishirini na tano, ilizunguka duara karibu mara nne kamili, ikasimama karibu pale ilipoanzia, kama pembe ambayo haijafunguka. Ndiyo maana paa lililala. Ilikuwa inatakiwa kwanza nizigeuze digrii, na hata hiyo kazi ina fanksheni yake, inaitwa radians, imekaa pale pale jirani. Kinu kipo.

"Mashine haikukosea," akasema taratibu. "Uliipa namba bila kuiambia ni namba ya kipimo gani."

"Na wewe ungeniambia kwa neno moja."

"Ningekuambia hilo, kesho ungeniuliza lingine."

"Ningekuuliza! Si wewe ni mwalimu?"

Nilifunga laptopu kwa gunia lake, nikaondoka, na nikakaa bila kukanyaga mlango huo misimu minne ya mvua.

Katika huo muda nilisikia habari zake bila kutafuta. Kuna watu wanasema alijilaumu. Mimi sijui, mimi nasema alichofanya. Aliketi akaandika programu ya matangi na silo, kutokana na vile vipimo vyangu nilivyomwonyesha, digrii zikigeuzwa vizuri, mabati yakihesabiwa kwa ceil. Akaiweka iweze kufunguka kwa simu, akaigawa bure. Mafundi vijana wa mji mzima wakaipokea. Na matangi yao yote yakawa yanatoka mwili mwembamba kuliko tako lake. Wanalazimisha, wanapiga nyundo, wanajaza gundi. Yanavuja.

Mimi nilijua kwa nini siku ya kwanza nilipoona moja. Viungo vitatu, kila kimoja kimekula kidole, na programu haikukiweka kwa sababu mimi sikukisema.

"Baba, mwambie," Njeri akasema.

"Ajaribu na jibu analolijua."

"Hilo si neno la mtu mzima."

"Ni neno lake, si langu."

Akaniangalia vile mamake alikuwa akiniangalia. Wakati huo huo viungo vyake vilikuwa bado vinaachia, na mimi bado nilikuwa nikimfokea, na macho yangu yalikuwa yameanza kuona chaki mbili mahali pa moja. Kwa hivyo hesabu yangu ilikuwa mbaya pande zote. Niliijua, na sikufanya kitu. Kiburi si kizito kukibeba, ila hakina mahali pa kukitua.

Njeri ndiye alinipeleka. Alisikia Mwalimu ameacha kufundisha, ugonjwa wa sukari umemla macho, na mashine zile nane amezigawa. Asubuhi ya Jumamosi akaweka laptopu kwa gunia, akaniambia, "Tunaenda Bondeni. Ukikataa naenda peke yangu na namwambia yote." Nikavaa koti.

Alikuwa amekaa nje ya kile chumba, kiti kimeegemezwa ukutani, kofia ile ile. Amekonda. Kando yake palikuwa na tangi jipya, dogo, na chini ya tangi beseni, na ndani ya beseni tone, tone, tone. Niliangalia mkunjo wake nikajua limekatwa kwa programu yake.

"Hiyo ni miguu ya Fundi," akasema kabla sijasalimia. "Mguu wa kulia unaburuta zaidi siku hizi."

"Salaam aleikum, Mwalimu. Tangi lako linavuja."

Nilingoja aniulize wapi hasa. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, nilikuwa na maneno makali mfukoni kama misumari. Akapapasa ukingo wa tangi. Halafu akasema kitu ambacho sikuwahi kumsikia akisema.

"Sijui kinachopungua. Nimeipitia mara nyingi kichwani. Hesabu iko sawa. Niambie."

Misumari yangu ikabaki mfukoni. Njeri alinikazia macho.

"Kidole," nikasema. "Kila kiungo kinakula upana wa kidole. Nilikuficha."

"Nilikuuliza kama kuna kingine."

"Uliniuliza. Na wewe ulinificha radiani."

"Nilikuficha." Akatikisa kichwa pole pole. "Wazee wawili, na watu wanakinga maji kwa beseni."

Nikadhani yameisha hapo. Nikavuta kiti. Lakini huyo mtu ni yule yule, macho yaende au yabaki. Akainua uso.

"Kidole cha nani?"

"Nini?"

"Umesema upana wa kidole. Cha nani, Fundi?"

"Kidole ni kidole, Mwalimu! Usianze."

"Nipe mkono." Akashika mkono wangu, akapapasa kidole cha kati, kimevimba kwa nyundo za miaka yote hiyo, ngozi kama gome. Akanyoosha mkono mwingine hewani. "Na wewe, binti, unayekata bati. Lete chako."

Njeri akampa. Akavishika vyote viwili pamoja, akavilaza ubavu kwa ubavu juu ya goti lake, akaviachia hapo. Cha Njeri kilikuwa chembamba kama cha mamake.

"Ongeza kidole, Njeri," Njeri akasema polepole, akiniiga sauti. Halafu akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Nilikuwa naongeza, Baba. Kila siku nilikuwa naongeza."

Kulikuwa na rula ndani ya gunia. Changu milimita ishirini na mbili, chake kumi na sita. Miaka yote nilimpa kipimo bila kusema ni kipimo cha nani, halafu nikamtukana kwa jibu.

Mwalimu akasema, "Andika." Nikafungua laptopu juu ya magoti na kuandika mwenyewe, kidole kimoja kimoja, huku Njeri akinisomea skrini: mzunguko ni pi mara kipenyo, ujumlishe viungo vitatu mara sentimita mbili nukta mbili. Nikaipa silo ya mita mbili.

"Sasa?" Mwalimu akauliza.

Sikungoja aseme. Nilitoa kamba yangu kwenye mfuko wa koti, ile ya mafundo, niliyokatia silo ya kwanza kabisa ya mita mbili nikiwa na meno yote. Njeri akashika ncha moja, akatembea nayo mpaka kona ya nyumba, tukaipima kwa utepe wa kupimia. Mita sita na sentimita thelathini na tano. Mashine ilikuwa imesema sentimita mia sita thelathini na nne nukta tisa.

"Imepungukiwa na milimita moja," nikamwambia. Sitaki kudanganya, nilifurahi kuiona imepungukiwa.

"Hiyo ni kamba yako imelegea," akasema Mwalimu.

Njeri alikuwa anaikunja kamba kwenye kiganja, fundo juu ya fundo, akija kwetu. Nilikuwa na mengi ya kumwambia na sikujua kuyapanga, mimi si mtu wa shule. Nikamwambia, "Jumatatu wewe ndiye utaweka chaki. Mimi nitashika bati."

"Na ukianza kelele?"

Nikamwonyesha tangi la Mwalimu, lile linalovuja. "Tutaanza na hilo. Tufunge moja kwanza."